Saratani ya pafu ikiwahiwa: kisu au mionzi?

Maswali haya manne yamenifikia kutoka Moshi na Arusha. Matatu yanahusu saratani ya pafu iliyogundulika mapema: uvimbe bado mdogo, haujaingia kwenye tezi limfu (vinundu vidogo ambako saratani huweza kusambaa) wala kiungo kingine.

Shikamoo Dokta. Baba ana miaka 68 na bado analima migomba yake. Picha ya CT imeonyesha uvimbe wa sentimita 2.5, na kinyama kilichopimwa kimethibitisha saratani. Daktari anataka kumpasua, ila baba mdogo anasema saratani haipendi kisu, ikiguswa inasambaa. Tuombe mionzi? (Machame)

Marahaba. Woga wa baba mdogo una chanzo chake. Wagonjwa wetu wengi hufika wamechelewa. Wakifunguliwa inakutwa imeshaenea, wakifariki kisu ndicho kinachobeba lawama. Mweleze kwa heshima kwamba kisu hakikuisambaza.

Kwa mtu anayepandisha milima ya Machame bila kuhema, mimi bado naanza na upasuaji, na sababu yangu kubwa ni tezi. Pafu la kulia lina mapande matatu, la kushoto mawili. Daktari huondoa pande lenye uvimbe pamoja na tezi limfu za jirani, na maabara huzikagua. Kuna nyakati tezi zilizoonekana safi kwenye CT hukutwa na saratani, na hapo dawa huongezwa. Mionzi inaua uvimbe, lakini tezi zinabaki kifuani bila kukaguliwa. Kuondoa pande zima kumekuwa kanuni tangu utafiti wa Marekani wa mwaka 1995. Mwaka 2022 Wajapani walionyesha kwamba uvimbe wa pembezoni usiozidi sentimita 2 unaweza kuondolewa na kipande tu cha pande hilo. Wa baba umeshavuka hapo.

Gharama yake mwilini ni mrija kifuani kwa siku kadhaa na maumivu ya majuma. Hata katika vituo vyenye uzoefu, mmoja hadi watatu katika kila wagonjwa mia hufariki. Msimfiche baba hilo.

Je, mionzi inafua dafu mbele ya kisu? Mwaka 2015 watafiti waliunganisha majaribio mawili yaliyokatishwa kwa kukosa wagonjwa, na mionzi ikaonekana kutangulia. Lakini walikuwa watu 58 tu, hawatoshi kubadili ushauri wangu. Mwaka 2021 madaktari wa Houston, Marekani, walitoa taarifa ya wagonjwa 80 waliokuwa na nguvu ya kupasuliwa ila wakapewa mionzi: asilimia 91 walikuwa hai baada ya miaka mitatu, sawa na wenzao waliopasuliwa. Hawakugawanywa kwa kura nani apasuliwe na nani apewe mionzi, kwa hiyo siwezi kusema swali limekwisha. Ila baba akielezwa yote na bado akachagua mionzi, hajajitupa.

Mama amepikia kuni miaka mingi, pumzi ni fupi. Wamesema hafai kupasuliwa, apate mionzi. Wamemkatia tamaa? (Sakina, Arusha)

Hapana, mwanangu! Wengi wetu tumeona mionzi ya kutuliza maumivu kwa mgonjwa ambaye saratani imeenea, ndiyo maana neno lenyewe linatisha. Hii ni nyingine, inakusudia kuponya. Dozi kubwa hulengwa kwenye uvimbe kutoka pande nyingi, mara nyingi kwa mahudhurio matatu hadi matano, bila kukata na bila nusu kaputi. Katika utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2010, wagonjwa 55 wasioweza kupasuliwa walitibiwa hivyo. Baada ya miaka mitatu uvimbe ulikuwa umedhibitiwa pale pale ulipo kwa takriban asilimia 98. Waliokuwa hai ni asilimia 56, na wengi wa wagonjwa hao 55 walikuwa na maradhi mengine mazito ya moyo na mapafu.

Uliza mambo mawili kabla hamjapanda basi kwenda popote. Uvimbe uko karibu na njia kuu za hewa? Hapo dozi nzito inaweza kuzijeruhi, hivyo hugawanywa kwa siku nyingi zaidi. La pili, mashine yao inaweza kufuata uvimbe unapopanda na kushuka na pumzi? Si kila mashine ya mionzi inafanya kazi hii. Akishatibiwa, kikohozi kipya au homa hata miezi kadhaa baadaye isipuuzwe, pafu huweza kuvimba kwa mionzi. Na CT ikionyesha kivuli palepale msikate tamaa. Mara nyingi ni kovu, hufuatiliwa kwa picha zinazofuata.

Babu akitoka kwenye mionzi, wajukuu wamkwepe? (Himo)

Wasimkwepe. Mionzi ya mashine haibaki mwilini. Wamkalie mapajani kama kawaida.

Nilimaliza dawa za TB miezi sita, makohozi hayakuwahi kuonyesha vimelea, na bado nakohoa. Nirudie dozi? (Njoro, Moshi)

Usirudie kwa kubahatisha. Sisi majirani wa Kibong'oto, ambako kifua kikuu kimetibiwa tangu miaka ya 1920, tukisikia kikohozi tunawaza TB kwanza, na ni sawa kuanzia hapo. Lakini kwenye eksirei kivuli cha saratani kinaweza kufanana na cha TB, na miezi sita ni mirefu kwa uvimbe unaokua. Rudi hospitali wiki hii, omba CT, na beba filamu zako zote za zamani ili daktari aone kama kivuli kimekua.