Wasomaji Wanauliza: Maji ya Jatiluwih

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Nimeona picha ya majaruba ya mpunga yaliyopangwa ngazi kwa ngazi kwenye mteremko wa mlima, na chini yake pameandikwa tu "Jatiluwih, Bali". Mimi ni mkulima wa mpunga, kwa hiyo nilipomaliza kuyasifu nikaanza kujiuliza: wa juu akishafungulia maji shambani kwake, wa chini anabakiwa na nini, na ni nani mwenye kauli ya mwisho? Naomba mtueleze kijiji hicho na eneo lake.

JIBU: Ndugu msomaji, Jatiluwih ni kijiji cha wakulima katika tarafa ya Penebel, wilaya ya Tabanan, kisiwani Bali nchini Indonesia. Kipo upande wa kusini wa Mlima Batukaru, wenye kimo cha mita 2,276, na kutoka hapo hadi Denpasar, mji mkuu wa jimbo, ni mwendo wa kilomita zipatazo 50. Udongo wake ni wa volkano, mvua yake ni nyingi, na majaruba ya kijiji yanafunika hekta zipatazo 300. Wilaya nzima ya Tabanan husemwa kuwa ndiyo ghala la mpunga la Bali.

Hata hivyo, wingi wa mvua usikudanganye. Mito ya Bali imechimba mabonde marefu yenye kingo zilizosimama wima, kiasi kwamba mkulima anaweza kuusikia mto chini ya shamba lake na asiweze kuchota hata ndoo moja ya kumwagilia. Ilibidi wahenga wao wayakinge maji mbali juu mlimani na kuyapitisha katika mifereji, na pengine katika mahandaki yaliyochongwa kwa mikono ndani ya mwamba, hadi yafike mahali ambapo ardhi inaruhusu kulima. Kazi ya namna hiyo haiwezwi na mtu mmoja wala ukoo mmoja, na hapo ndipo ulipo mzizi wa chama kiitwacho subak, ambacho maandishi ya kale ya karne ya 11 tayari yanakitaja.

Subak ni umoja wa wakulima wote wanaokunywesha mashamba yao kutoka chanzo kimoja. Mipaka yake hufuata maji, haifuati mipaka ya kijiji. Kwa hiyo majirani wawili wa mlango kwa mlango wanaweza kuwa katika subak mbili tofauti ikiwa mashamba yao yanapata maji kutoka mifereji tofauti. Kiongozi wake huitwa pekaseh. Kanuni zao, ziitwazo awig-awig, zinataja kazi za pamoja za kusafisha mifereji, zamu za maji, na faini ya mwenye kuiba maji au kukwepa kazi. Bali ina subak zipatazo 1,200.

Sasa tuingie shambani. Mfereji unapogawanyika, huwekwa kizuizi kiitwacho tembuku, ambacho kwa jadi ni gogo lililolazwa kukatiza mkondo na kuchongwa mapengo juu yake. Mapengo hayo yana kina kimoja, ila upana wake unatofautiana kulingana na haki ya kila upande. Mvua ikiwa nyingi, wote wanapata maji mengi. Kukiwa na ukame, wote wanapungukiwa kwa uwiano uleule. Hakuna anayehitaji kukesha akimlinda jirani, kwa kuwa mtu yeyote apitaye anaona kwa macho yake kama pengo limepanuliwa au limezibwa kwa tope.

Hilo ni jibu la nani apate kiasi gani, lakini swali lako lina upande wa pili, nao ndio unaonivutia zaidi. Kwa nini wa juu, ambaye maji yanapita kwake kwanza, akubali kumwachia wa chini? Ibada ina sehemu yake, maana watu wa Bali wengi wao ni Wahindu, na kwao maji ni zawadi ya miungu. Kila subak ina hekalu lake, na juu mlimani lipo hekalu kuu la Luhur Batukaru. Lakini ipo pia sababu ambayo wewe mkulima utaielewa mara moja, nayo ni wadudu. Mashamba ya eneo pana yakivunwa kwa pamoja kisha yakajazwa maji, wadudu wanakosa chakula na kufa. Bata huingizwa humo kuokota punje na wadudu waliobaki, na kinyesi chao kinarutubisha tope. Wa chini akinyimwa maji atachelewa kupanda, shamba lake litakuwa bado la kijani wakati wa juu amekwisha kuvuna, na wadudu watajificha humo hadi msimu mpya, kisha watapanda mlima kuja kula miche ya yuleyule aliyewanyima wenzake maji. Kwa hiyo wanakaa kikao kwenye mahekalu hayo ya maji, wanapanga tarehe ya kupanda, na subak za mto mmoja zinaachiana nafasi ili zisihitaji maji mengi siku moja.

Ukweli wa jambo hili ulionekana kwa uchungu katika miaka ya 1970. Serikali, kwa nia ya kuongeza chakula, ilihimiza mbegu mpya zinazokomaa haraka, mbolea za viwandani na viuatilifu, na wakulima wakaambiwa wapande mara kwa mara bila kungojea kalenda ya mahekalu. Mavuno yalipanda kwanza, kisha wadudu wakafumuka, hasa yule mdogo wa rangi ya kahawia anayefyonza utomvu wa mpunga, ambaye Waindonesia humwita wereng. Mwaka 1986 Rais Suharto alitoa agizo lililopiga marufuku aina 57 za viuatilifu katika kilimo cha mpunga nchini kote, kwa kuwa dawa hizo zilikuwa zinaua pia wadudu wanaomla wereng. Baadaye mwanaanthropolojia J. Stephen Lansing na mwanaikolojia James Kremer walitengeneza modeli ya kompyuta ya mito miwili ya Bali, Oos na Petanu, wakaona kwamba mpangilio unaokaribiana na ule wa mahekalu ya maji ndio unaotoa mavuno bora. Ninasikitika kila nikifikiri kwamba ilibidi mashamba yateketee kwanza ndipo wazee wa vikao vile wasikilizwe.

SWALI: Nimesikia wanalima mchele mwekundu. Je, una tofauti gani?

JIBU: Ni mbegu yao ya asili, ndefu kwa shina, na hukaa shambani kwa miezi mitano hadi sita, ndiyo maana hulimwa mara moja kwa mwaka, msimu wa pili hupandwa mpunga mweupe unaokomaa mapema. Kwa jadi mpunga huu mrefu huvunwa kwa kisu kidogo kinachofichwa ndani ya kiganja, suke baada ya suke, kwa sababu mpunga ni mwili wa Dewi Sri, mungu wa kike wa mpunga, na haifai kumshtua kwa panga. Masuke hufungwa matita, hukaushwa, kisha huwekwa ghalani yakiwa na mashina yake. Mpunga ukibeba mimba nao hufanyiwa ibada yake, kama vile mama mjamzito anavyoombewa. Punje nyekundu zikikaangwa hutengenezwa pia kinywaji kama chai, na wageni hukipenda.

SWALI: Je, wageni wengi si hatari kwa kijiji?

JIBU: Ni hatari na ni riziki pia. Mwaka 2012 UNESCO iliingiza mandhari ya subak za Bali, hekta 19,500 kwa jumla, katika orodha ya Urithi wa Dunia, na majaruba ya Jatiluwih yamo. Tangu hapo mikahawa imeongezeka kandokando ya barabara, na katika kisiwa kizima mashamba ya mpunga yanazidi kugeuzwa nyumba za kupangisha wageni. Jengo moja linaumiza zaidi ya eneo lake, kwa sababu maji hupita jaruba hadi jaruba, na likizibwa la katikati, walioko chini hukatiwa njia.

Ukijaliwa kufika, pita kwenye njia zilizotengwa na usikanyage tuta lililokandikwa tope bichi. Likibomoka usiku, jaruba lake litakauka, na la chini yake litafurika pamoja na miche iliyopandikizwa jana.