Wachezaji wabovu, sawa, lakini kocha naye ana lake

Kaka, unasema Ruben Amorim, kocha wa wakati huo, asilaumiwe kwa msimu wa 2024/25 kwa kuwa wachezaji wa Manchester United ni mizigo. Nusu nakubali. Mabao 44 katika mechi 38 za ligi ni aibu, na Højlund na Zirkzee hawakuwa washambuliaji wa kuibeba timu kubwa.

Ila 3-4-2-1, mfumo wa mabeki watatu nyuma, aliichagua nani? Amekuja Novemba katikati ya msimu, kakuta kikosi cha mabeki wanne, kaung'ang'ania mfumo wake vilevile. Beki Dalot wa mguu wa kulia anapangwa kushoto: kila akifika pembeni lazima asimame, aurudishe mpira mguuni kwake, na wakati huo mabeki wameshajipanga. Bruno, mpishi wetu wa mabao, anarudishwa kucheza kiungo wa chini, mbali na goli.

Halafu fainali ya Europa League kule Bilbao. Tunafungwa 1-0 na Tottenham, winga wetu Garnacho yuko benchi hadi dakika ya 71! Iliniuma sana. Kwenye ligi tukamaliza nafasi ya 15 na pointi 42. Hilo siwezi kuwabebesha wachezaji peke yao.