Matuta ya kunyanyua kwenye eneo la kukodi: fedha isianzie kwenye mbao

Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba umekodi kwa mkataba wa mwaka mmoja kipande cha hatua 20 kwa 20 pembezoni mwa mji wa Iringa, mahali palipoinama ambapo maji hutuama kuanzia Januari, na kwamba fundi seremala amekupigia hesabu ya masanduku manane ya mbao ya kujazia udongo wa matuta, inayokaribia kodi yako ya miaka miwili. Unauliza kama matuta ya kunyanyua yanastahili gharama hiyo, na kama unaweza kupunguza gharama kwa kutumia vipande vya nguzo ulivyopewa bure. Nimelima mboga kwa namna hiyo hapa Uyole, Mbeya, kwa misimu sita, nikiwa mpangaji wa ardhi kama wewe. Kwa maelezo uliyoyatoa, matuta utayahitaji kweli, lakini masanduku huyahitaji hata kidogo.

Msimu wa kwanza nilifanya hilohilo unalotaka kufanya. Nilinunua mbao za paini za inchi moja kwa nane, nikapigilia masanduku matano yaliyonyooka vizuri, majirani wakaja kuyatazama, na fedha ikaishia hapo. Yalipobaki matupu nikatafuta cha bure cha kuyajazia, nikaenda kubeba vumbi la mbao kwenye mashine ya kupasulia magogo, nikajaza nusu ya sanduku na juu yake nikaweka udongo wa kiasi cha kiganja. Nilipanda chainizi. Wiki ya tatu baada ya kuhamishia miche, majani ya chini yalianza kuwa njano kuanzia ncha kuelekea kwenye kikonyo, na miche ikadumaa ikiwa na ukubwa wa kiganja cha mtoto, wakati chainizi ya mama mmoja jirani yangu, aliyepanda siku ileile kwenye tuta la udongo mtupu, ilikuwa tayari inachumwa. Yule mama aling'oa mche wangu mmoja, akaugeuza, akaonyesha kwamba mizizi ilikuwa myeupe na mizima, kisha akachimbua vumbi kwa kidole na kulinusa. Bado lilinukia utomvu. Akaniambia, "Mwanangu, umewalisha wadudu wa udongo, mboga hujazilisha."

Alikuwa sahihi kuliko nilivyoelewa siku ile. Vumbi la mbao lina kaboni nyingi na naitrojeni, yaani chakula kinachokuza majani, kidogo mno, kwa hiyo vijidudu vinavyoliozesha huchukua naitrojeni iliyoko kwenye udongo na kuishikilia mpaka kazi yao iishe, na vumbi likiwa bichi kazi hiyo huchukua miezi mingi. Nililoweka samadi ya ng'ombe kwenye pipa kwa wiki mbili, nikawa nachuja na kumwagilia kila baada ya siku nne, na kijani kikarudi, ila soko la chainizi la mwanzo wa msimu lilikuwa limekwisha kunipita. Vumbi hilohilo nililiacha lirundikwe pamoja na samadi, na mwaka wa pili likawa mboji nzuri. Tatizo lilikuwa haraka yangu.

Kabla sijaingia kwenye vipimo, niseme kwamba kilimo cha tuta la juu si kigeni kwetu, na inanishangaza tunapokipokea kama jambo lililovumbuliwa jana. Wazee wa Iringa na Njombe wamelima vinyungu mabondeni tangu zamani: mifereji inachimbwa, udongo wake unapandishwa juu, na mboga, maharage na mahindi vinalimwa kiangazi kwa unyevu uliobaki chini. Wafipa wa Rukwa hufukia nyasi ndani ya marundo ya udongo zioze, na Wamatengo wa Mbinga hulaza nyasi kwenye miteremko mikali, wakazifunika kwa udongo na kuacha mashimo katikati, yaani ngoro. Katika mbinu zote hizo hakuna aliyenunua ubao. Jambo moja tu usilirithi kutoka kwenye vinyungu bila kupima: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu au zinazoweza kuathiri mazingira ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mito na vyanzo vingine vya maji. Umesema eneo lako limeinama, lakini hukusema liko umbali gani kutoka mtoni. Pima kabla ya kushika jembe.

Sasa hesabu, kwa sababu ndiyo iliyonifungua macho. Sanduku la upana wa mita 1.2, urefu wa mita 5 na kina cha sentimita 30 linahitaji mita za ujazo 1.8, ambazo ni madebe 90 ya lita 20. Masanduku yako manane yatakula madebe 720. Hiyo ndiyo gharama ambayo fundi hakukutajia, maana si kazi yake. Njia ya mkato ni kuacha eneo lenyewe lijijaze. Pima tuta la upana wa mita 1.2, au mita moja kama mikono ya wanaopalilia ni mifupi, ili mtu afike katikati kutoka kila upande bila kukanyaga. Kisha acha njia ya sentimita 50. Chimba njia kwenda chini sentimita 15 na kila udongo unaotoka uutupe juu ya tuta. Kwa urefu wa mita 5 utapata karibu madebe 19, yanayoongeza kimo cha tuta kwa sentimita 6 hivi. Ukitifua tuta lenyewe kwa kina cha jembe nalo linavimba, na ukiongeza majani na mboji linapanda zaidi. Lakini kumbuka kwamba njia nayo imeshuka, kwa hiyo ukipima kutoka sakafu ya njia hadi juu ya tuta unapata zaidi ya sentimita 30, na maji ya Januari yanakaa huko chini kwenye njia badala ya kuzamisha mizizi. Kama eneo lina mteremko, hata mdogo, matuta yakinge mteremko, na njia ziwe na mwelekeo hafifu sana wa kutolea maji pembeni. Mwaka wa pili nilielekeza njia zangu kushuka moja kwa moja, na mvua moja ya Februari ilibeba karoti zilizokuwa na majani mawili mpaka kwenye uzio wa jirani.

Katika kujaza, mimi huanza na vitu vigumu chini: mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa na maganda ya maharage. Juu yake naweka majani mabichi ya alizeti pori, ile inayoota kandokando ya barabara na kutoa maua ya njano, kwa sababu majani yake yana naitrojeni nyingi, huoza ndani ya wiki chache, na hakuna anayekudai senti. Kata kabla haijatoa mbegu, na acha mashina magumu. Kisha samadi iliyokwisha kupoa: ingiza mkono ndani ya rundo, ukikuta joto, rudi baada ya wiki tatu. Samadi ya kuku ina nguvu zaidi na ikiwekwa mbichi huunguza miche, hivyo iweke kidogo na ichanganye mapema. Udongo wa kwenye njia ndio unaofunika vyote. Wanaokaa karibu na mashine za mpunga wanaweza kupata pumba ngumu kwa urahisi. Hizo hufaa kulegeza mfinyanzi, ila zenyewe hazina chakula cha kutosha, na zikiwa nyingi zinaleta tatizo lilelile la vumbi la mbao. Acha tuta litulie wiki tatu au nne. Litashuka, na ukiona limeshuka kwa robo usishtuke. Ongeza mboji juu na uendelee.

Kuhusu kingo, tuta la udongo wa mfinyanzi lililopigwapigwa pembeni kwa bapa la jembe, likiwa na ubavu ulioinama kidogo, husimama msimu mzima bila kuzuiwa na kitu. Ukitaka kingo kwa sababu ya mvua kubwa, nenda kwenye mashine za mbao ukatafute mabanzi, vile vipande vya nje vya gogo vyenye magome ambavyo watu huchukua kwa kuni. Mabanzi ya paini kwangu yamedumu misimu miwili kabla ya kuoza, na ya mlingoti yamekwenda mrefu zaidi. Hayahitaji misumari: piga vigingi kwa nje, laza banzi, udongo wenyewe utalisukuma likae. Mianzi iliyopasuliwa nayo inafaa, na matofali ya kuchoma yaliyovunjika yanafaa kuliko vyote, kwa kuwa mchwa hana habari nayo.

Vipande vya nguzo vya bure, ndugu yangu, virudishe. Nguzo zinazotiwa dawa kwenye mitambo ya huku kwetu hupata ile rangi ya kijani kutokana na dawa ambayo mara nyingi ina shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki, ambayo ni sumu, huweza kuhamia kwenye udongo unaogusana nayo. Kwa uzio ni sawa, kwa mboga za majani unazochuma na kula siku hiyohiyo sipendi kabisa. Vivyo hivyo oili chafu ambayo mafundi wetu wanapenda kupaka ili kuzuia mchwa: inabeba masizi na metali za injini, na haina kazi kwenye tuta la chakula. Ni heri banzi lioze uweke jingine.

Upo upande wa pili ambao wanaosifu matuta ya juu hawausemi. Mvua zetu za Nyanda za Juu Kusini huanza Novemba na kukoma karibu na Mei, na baada ya hapo ni miezi mitano au sita ya ukame wenye upepo. Tuta lililokuokoa Februari litakutesa Septemba, kwa sababu limesimama juu, upepo unalipiga pande zote, na maji yanakimbilia njiani. Kiangazi cha mwaka wa kwanza nilikuwa namwaga ndoo tatu za lita 20 kwa tuta moja la mita 5 kila jioni, na asubuhi ukichokonoa kwa kidole unakuta unyevu umeishia kwenye kifundo cha kwanza. Siku hizi mvua zikikatika nalishusha tuta: navuta udongo wa katikati kuelekea pembeni, nabaki na ukingo wa sentimita 10 kuzunguka na sakafu iliyo chini yake, yaani nageuza tuta la mwinuko kuwa tuta la mbonyeo. Natandaza nyasi kavu kwa unene wa vidole vinne. Ndoo zikashuka kutoka tatu hadi moja na nusu kwa siku ya jua kali. Hapa pia ndipo sanduku la mbao linapokuwa kero, kwa maana halikubali kubadilishwa umbo. Ubaya wa matandazo ni kwamba sota hujificha chini yake na kukata miche usiku usawa wa ardhi, hivyo siku kumi za kwanza baada ya kupandikiza nyasi nazisogeza mbali na shina, na nikikuta mche umelala nafukua palepale. Mara nyingi mdudu yuko hapo amejikunja.

Mazao sitayasemea sana, kwani hali ya Iringa unaijua. Juni na Julai hapa Uyole ipo asubuhi unakuta sakitu nyeupe juu ya majani, na mchicha hudumaa kwa baridi hiyo, ilhali kabichi, karoti, sukuma wiki na chainizi hustahimili. Mnafu nauotesha kila msimu kwa sababu nyumbani kwangu usipokuwepo hapaliki. Nyanya za masika kwenye bonde zinahitaji dawa nyingi za bakajani, ugonjwa wa ukungu, kuliko ninavyopenda kupiga, kwa hiyo nimeziacha. Ukilima nyanya au viazi mviringo kwenye tuta fulani, msimu unaofuata weka maharage au karoti hapo, maana nyanya na viazi ni vya ukoo mmoja na huambukizana magonjwa.

Kuhusu upangaji, nitasema kwa uchungu kidogo. Eneo langu la kwanza nilikodi kwa maneno ya mdomo. Mwenye eneo alipopita mwaka wa pili na kukuta kabichi zimefunga vizuri kwenye ardhi aliyoniachia ikiwa na magugu na maji, kodi ilipanda mara mbili ndani ya wiki moja, nami nikaondoka nikiacha mboji ya miaka miwili. Mabanzi niliyabeba, udongo ulibaki kwake. Tangu hapo naandikishana miaka mitatu mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na kwenye karatasi tunaandika kodi ya kila mwaka na mwezi wa mwisho wa kuvuna. Kwa mkataba wa mwaka mmoja kama wako nisingechimba eneo lote.

Sasa ni Agosti, na udongo wa bondeni bado una unyevu unaoruhusu jembe kuingia. Chimba matuta manne tu kwenye sehemu inayotuama zaidi, yajaze kwa tabaka nilizoeleza, na kiangazi hiki yatumie yakiwa ya mbonyeo. Novemba mvua za kwanza zikinyesha, zungukia eneo na vigingi siku ileile, uchomeke kila mahali maji yanapokaa kupita usiku mmoja. Hapo utajua kama unahitaji matuta mengine manne au kumi, na fundi wako atengeneze benchi la kupumzikia.