Muulize Fundi: Je, Miwani ya Kisasa Itaninyang'anya Spana?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni fundi wa majokofu kwenye kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza, nina cheti cha VETA. Tumeambiwa zinakuja miwani ambazo ukizivaa unaona maelekezo juu ya mtambo wenyewe, na akili mnemba inakwambia ufungue nini na ufunge nini. Msimamizi anasema hata aliyeajiriwa jana ataiweza kazi yetu. Nianze kutafuta shughuli nyingine?
*Fundi wa Igogo*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiache kazi, ila miwani hiyo usiidharau. Teknolojia hii, uhalisia ulioongezwa, ina historia ndefu na mafundi. Mwaka 1992 Tom Caudell na David Mizell wa Boeing, Marekani, waliandika kuhusu kifaa cha kuvaa kichwani cha kumwonyesha fundi wa ndege waya upi upite wapi, ili aachane na mbao kubwa zilizochorwa njia za nyaya. Kwa hiyo msimamizi wako ana hoja. Kazi yenye hatua zinazojulikana, kama kubadilisha chujio la oili au kusoma geji na kujaza fomu, mgeni ataifanya akielekezwa.

Hata sikio limepata mpinzani. Mimi nimezeekea kwenye kompresa, bisibisi mkononi: ncha kwenye nyumba ya beringi, mpini sikioni, unasikia gololi zikianza kukwaruza. Sensa, yaani kifaa cha kuhisi mtikisiko, inaigundua kasoro hiyo mapema kuliko mimi, na usiku haisinzii. Ningeipata ujanani ningeshukuru, maana kompresa ikikwama saa nane za usiku na chumba cha baridi kimejaa shehena ya kwenda Ulaya, hakuna anayelala.

Sasa sikiliza riziki yako ilipo. Miwani inafuata mchoro uliopewa, na chumba cha mitambo cha kiwanda kikongwe hakifanani tena na mchoro wake. Vali ilihamishwa. Bomba lilikatwa likachomelewa kupita upande wa pili. Mota ya awali iliungua, ikafungwa ya kampuni nyingine. Breka ya umeme ambayo mchoro unasema ni ya feni, leo inawasha pampu. Wanaoyajua hayo ni wewe na wenzako wa zamu, na mara nyingi hayajaandikwa popote. Mgeni ataoneshwa mshale wa kijani kwenye vali isiyo yenyewe, na kwenye mtambo unaopoza kwa amonia kosa hilo linaua. Amonia huchemka kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri. Ikitoka kwenye bomba lililofunguliwa inageuka gesi papo hapo na kushambulia macho na mapafu.

Basi kabla miwani haijafika, chukua daftari, rangi na simu. Fuata bomba moja baada ya jingine, kila vali uipe namba, piga picha, chora mtambo ulivyo leo. Mpelekee meneja kwa maandishi, jina lako likiwa juu, na uombe mchoro wa kwenye miwani usibadilishwe bila saini ya fundi. Ujuzi huo ukishaingizwa kwenye mfumo unakuwa mali ya kampuni. Usiutoe kwa mdomo tu mkinywa chai.

Uliza na mambo ya vitendo. Ukitoka kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri ukaingia kwenye joto, kioo kitajaa ukungu, utaonaje? Miwani itakaa vipi ndani ya barakoa ya gesi bila kuacha upenyo? Mtandao ukikatika katikati ya kazi? Na kufuli la kufungia swichi ya umeme liwe lako, funguo mfukoni mwako, hata maandishi ya kijani yakisema mtambo umezimwa. Pima kwanza ndipo uguse.

Tena usijifunze miwani tu. Microsoft ilisitisha kutengeneza HoloLens, miwani yake ya aina hii, mwaka 2024, na vifaa vingine vitapita vivyo hivyo. Lakini kondensa, sehemu inayotoa joto nje, ikichafuka presha ya upande wa juu itapanda tu, na anayeelewa kwa nini inapanda ndiye atakayejua mashine inapodanganya.

SWALI: Mzee, natengeneza injini za mitumbwi Ukerewe. Naweza kuiamini akili mnemba ya kwenye simu?
*Msomaji wa Nansio*

JIBU: Kukueleza karbureta inavyofanya kazi, au ukague nini kwanza injini ikikataa kuwaka, sawa. Namba usizichukue huko: uwiano wa oili na petroli, nafasi ya plagi, nguvu ya kukaza bolti za silinda hedi. Inaweza kukutajia namba kwa ufasaha kabisa, kumbe ni ya injini nyingine. Kama kitabu kimepotea, piga picha kibandiko cha modeli. Mara nyingi kiko kwenye bano linaloshika tezi, yaani nyuma ya mtumbwi. Mwoneshe muuza vipuri unayemwamini, kabla hujalegeza bolti hata moja.