Ukikosa cha kula Tororo, tazama saa

Wiki yangu ya kwanza Amagoro, mtaa wa mji wa Tororo huku mashariki mwa Uganda, nililalia mkate na soda siku tatu. Si kwamba sikuwa na hela. Nilikuwa natoka kazini Malaba, mpakani na Kenya, kwenye makaratasi ya malori, nafika Tororo saa tisa alasiri tumbo linanguruma. Naingia hoteli ya kwanza, naambiwa kimeisha. Ya pili, kimeisha. Ya tatu binti alikuwa anasugua masufuria, hata kichwa hakuinua. Nikampigia dada yangu Mombasa nikamwambia huu mji hauna chakula. Leo ni mwaka wa nne niko hapa, na kitambi hiki kinanisuta.

Chakula kilikuwepo, mimi ndiye niliyekuwa nachelewa. Mama wa mtaani hana friji ya kuhifadhi wala hapiki cha kulala. Anapika sufuria anazojua zitaisha, zikiisha anajifunika leso anakwenda zake. Kwa hiyo ukihamia mtaa mdogo kama huu, jua kwanza kitu gani kinaiva saa ngapi. Hayo mengine utayajua mbele ya safari.

Asubuhi ni katogo: matoke yaliyochemshwa sufuria moja na matumbo, au maharage, au karanga, mpaka mchuzi ukawa mzito. Mimi niliyelelewa kwa mahamri na mbaazi, matumbo saa moja asubuhi niliyaona adhabu. Sasa nikikosa katogo siku yangu haianzi. Fika kabla ya saa tatu, maana saa nne utakuta mwiko unakwaruza chini. Ukimwona mtu anauza amukeke, simama. Ni viazi vitamu vilivyokatwa vyembamba vikaanikwa juani hadi vikakauka, halafu vikachemshwa. Wateso huvila na mchuzi wa karanga na chai pembeni, na vinashika tumbo mpaka mchana.

Mchana ndipo mgeni anapoaibika. Mama ninayekula kwake sasa, siku ya kwanza nilimwamkia kwa adabu za kwetu.

"Shikamoo, Mama."

Akacheka. "Eeh, karibu mwanangu. Unakula na nini?"

"Niletee ugali."

"Ugali ni chakula. Mi nakuuliza, unakula na nini?"

Hapo nilisimama kama mtoto aliyesahau shairi mbele ya darasa. Nilikuja kuelewa kwamba Uganda chakula ni kile cha kushibisha: matoke, posho (ugali wao), wali, viazi, muhogo, boga. Mchuzi ndio unaoagizwa, na bei ni ya mchuzi. Nikasema nyama. Ikaja sahani imejaa matoke, posho, wali, kiazi kitamu na kipande cha boga, vyote vimebanana, na nyama kwenye bakuli lake. Nilikula huku nahesabu kichwani nitalipa shilingi ngapi kwa kila kimoja. Nikadaiwa 5,000, bei ya nyama, basi. Ningekula na maharage ningelipa 3,000 na mlima ungekuwa uleule. Kama unataka kitu kimoja tu sema mapema, "posho peke yake", la sivyo utaacha chakula na mama atadhani hukukipenda.

Jambo jingine la majina: ugali wetu mweupe wa mahindi huku ni posho. Ukitaka ule wa rangi ya udongo, uliza atap. Ni unga wa wimbi na muhogo, mara nyingi maji yake yametiwa ukwaju, kwa hiyo una uchachu kidogo unaobaki kooni. Jirani zangu Wadhola wao wanauita kwon. Usiutafune sana. Kata tonge dogo, libonyeze kwa dole gumba, lichotee mboga ya majani ya kunde iliyopikwa na karanga za kusaga. Kwangu mimi hicho ndicho chakula bora Tororo nzima, na mtu asinishindanishe na kuku.

Sasa, jiko zuri utalijuaje? Watu watakwambia fuata bodaboda wanapokula. Mimi nakataa. Bodaboda ana haraka na anatafuta wingi, na sahani kubwa ya wali mkavu inamtosha. Nenda sokoni saa saba kasoro. Utaona wasichana wamebeba masinia kichwani, sahani zimefunikwa kwa sahani, wanawapelekea akina mama wa nyanya na wa mitumba ambao hawawezi kuacha meza zao. Wale mama wamekaa soko moja miaka na miaka, wamekula kwa kila mtu, na wakipelekewa mchuzi wa maji wanaurudisha kwa matusi. Msichana akimaliza kugawa, mfuate anakorudi. Hivyo ndivyo nilivyofika kwa mama wangu, nyuma ya duka la saruji, kwenye kibanda kisicho na kibao. Matoke yake anayavumbika ndani ya majani ya mgomba, na akifunua mvuke unaotoka una harufu ya majani kabla ya kuwa na harufu ya ndizi.

Menyu ndefu iogope. Bosi wangu alipokuja kutoka Mombasa nilijitia ukubwa nikampeleka mahali penye viti vya vitambaa na menyu ya kurasa nne. Akaagiza samaki. Nusu saa baadaye nilimwona mhudumu anashuka kwenye boda nje, mkononi kavera jeusi, yaani mfuko wa plastiki, mkia wa ngege unachungulia. Tulikula saa kumi. Tangu hapo menyu naifunga nauliza, "Nini kiko tayari sasa hivi?" Wakikutajia viwili, chagua kimoja kati ya hivyo.

Lugha isikutie hofu. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi mwaka 2022, lakini huku mpakani madereva wa malori walishakiidhinisha zamani. Ila jifunze "yoga", salamu ya Wateso. Mimi neno hilo moja limeniletea maboga ya nyongeza mengi kuliko sura yangu.

Jua likielekea nyuma ya mwamba wa Tororo, majiko ya mkaa yanatoka barabarani. Ndizi gonja za kuchoma, mahindi, nyama kwenye vijiti ambayo wao huiita muchomo. Ukiwa Mwislamu kama mimi uliza ni nyama ya nini, bila haya. Nguruwe huliwa sana Uganda, wala hafichwi kwa jina la utani kama kule Tanzania, kwa hiyo utajibiwa kweli. Utaona pia wazee wamezunguka chungu cha ajon, pombe ya wimbi, kila mmoja na mrija wake mrefu, na mtu anaongeza maji ya moto. Mimi sinywi, ila huvuta kiti pembeni nikala karanga. Mambo ya nani kaanza kupika wapi nayapata pale.

Usiku ni roleksi, mayai na chapati. Kijana wangu pale kona anavunja mayai mawili kwenye kikombe cha plastiki, anakatia kabichi, nyanya na kitunguu juu ya kiganja bila ubao, ananyunyiza chumvi, anakoroga, anamwaga kwenye chuma. Yai likianza kushika anaweka chapati juu, anageuza, anakunja. Mwombe chapati inayotoka motoni, si ile iliyorundikwa tangu saa kumi, hata ukisubiri dakika tano. Hiyo ya zamani ifanye kikomando, ikatwekatwe imwagiwe maharage, hapo haina neno.

Jumapili usitoke na njaa. Mama yuko kanisani mpaka saa nane, akirudi amechoka na hapiki. Jumamosi jioni mimi hununua parachichi mbili na nyanya, na ndoo yangu ya mkaa huwa imejaa.