Kutunza Mwani wa Kijani Tangini ni Kuuvuna

Wengi wanaoanza kukuza mwani wa kijani katika tangi la maji ya bahari huuliza kwanza kuhusu taa, nami huwaambia waanze kwa kufikiria namna watakavyovuna. Mwani hufyonza naitreti na fosfati zinazotokana na kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula, lakini virutubisho hivyo havijatoka tangini mpaka mwani wenyewe utolewe. Ukiachwa usongamane, sehemu za ndani hukosa mwanga, huoza, na kurudisha majini kile kile kilichokuwa kimefyonzwa. Kwa hiyo, kila fungu linapojaza nafasi yake, mimi huondoa kama theluthi moja na kuliacha lililobaki liendelee kukua.

Kwa anayeanza ninapendekeza Chaetomorpha, ambayo nyuzi zake ngumu husokotana bila kujishikiza kwenye mawe, hivyo kuivuna ni kazi ya mkono tu. Iwekwe katika tangi la pembeni ambako samaki walao mwani hawafiki, na maji yapite kwa kasi ya kuligeuza fungu polepole ili kila upande upate mwanga. Taa yake huiwasha usiku, zile za tangi kuu zikiwa zimezimwa, kwa sababu kaboni dioksidi inayotolewa na viumbe gizani hushusha pH, yaani huongeza asidi ya maji, na mwani unaofanya usanisinuru saa hizo huipunguza gesi hiyo.

Caulerpa ni nzuri zaidi kwa macho, ila inataka uangalizi wa karibu. Mmea mzima, kuanzia shina litambaalo hadi ncha za majani, ni seli moja yenye viini vingi, na unapozaliana kwa njia ya jinsia humwaga karibu kila kilichomo ndani yake: maji huchafuka kwa ukungu wa kijani, mmea hubaki ganda jeupe, na oksijeni inaweza kupungua hadi kuhatarisha samaki. Ninapoona sehemu zinapauka na kupitisha mwanga kama kioo, huziondoa siku hiyo hiyo.

Mabaki ya mavuno nayo yanahitaji uangalifu mkubwa. Caulerpa taxifolia ilionekana mwaka 1984 katika Mediterania, mbele ya Monaco, ikaenea mbali, na mwaka 2000 ikakutwa pwani ya California, ambako sasa ni marufuku kuimiliki. Kipande kidogo tu hutosha kuota upya, kwa hiyo mavuno yagandishwe kwenye friza kabla ya kutupwa na takataka, na maji ya tangi yasimwagwe kamwe baharini wala mtoni.

Mwani wowote ukianza kupauka, usikimbilie kuongeza mwanga. Pima naitreti kwanza. Ikisoma sifuri, mwani una njaa, na dawa yake ni kupunguza saa za taa au kuwalisha samaki zaidi kidogo. Ikiwa naitreti ipo, huenda upungufu ni wa madini ya chuma, ambayo huongezwa kwa matone machache huku ukiangalia rangi ya machipukizi mapya.