Wapelekeni mjini, ila msifikie kwa ndugu

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa fupi: mzazi akipata siku mbili tatu za mapumziko na watoto wanaosoma, awapeleke mjini kutembea, au hela hiyo ibaki kwenye ada? Nasema awapeleke. Nina sharti moja tu, na najua litawaudhi baadhi ya wasomaji wenzangu: msifikie kwa ndugu.

Sisi tunakaa Dodoma, na mji ninaouzungumzia ni Dar es Salaam. Mkubwa yuko darasa la sita na mdogo wake la tatu. Ni umri mzuri sana wa kusafiri. Mtoto anabeba begi lake mwenyewe, anauliza maswali mpaka unachoka, na bado haoni aibu kushikwa mkono na mama yake wakati wa kuvuka barabara. Zamani safari ya namna hii ilikuwa haiwezekani kwa mtu mwenye wikiendi moja, maana basi lilikula siku nzima kwenda na siku nzima kurudi. Tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma Julai 2024, hesabu imebadilika kabisa: unapanda asubuhi, chakula cha mchana unakula Dar. Tulilipa shilingi 31,000 kwa mtu mzima kwa treni ya kawaida, na watoto wetu walilipa nusu.

Halafu treni yenyewe ni sehemu ya matembezi. Mkifika milima ya Kilosa inaingia kwenye mahandaki. Mwanga unakatika ghafla, masikio yanaziba, watoto wa behewa zima wanapiga kelele, kisha jua hilo hapo tena. Kila baada ya muda unaiona pembeni reli ya zamani ya Mjerumani, ile iliyoanza kujengwa Dar mwaka 1905 ikafika Kigoma 1914. Mkubwa wangu aliisoma shuleni, na hakuamini kwamba ndiyo ile nyembamba inayojikunja bondeni.

Sasa nirudi kwa ndugu. Kwetu mtu akisema anakwenda Dar, swali la kwanza ni "unafikia kwa nani?" Shangazi yuko Mbagala, baba mdogo Tegeta, shemeji Gongo la Mboto, na kila mmoja akisikia umelala gesti anaona umemdharau. Basi unakubali, na wikiendi inaishia sebuleni. Mwenyeji ana kazi zake, Jumamosi ana kikao cha harusi au msiba, watoto wanawashiwa katuni zilezile walizoziacha nyumbani. Jioni mnapelekwa nyumba nyingine kusalimia, soda zinafunguliwa, watoto wanaulizwa wako darasa la ngapi na wamekuwa wa ngapi. Ukisema angalau kesho mwende baharini, kuna foleni ya Mwenge kwenda na foleni ya Mwenge kurudi. Watoto wanarudi Dodoma wakiwa wameiona Dar kupitia dirisha la daladala. Mimi desturi ya kusalimia naiheshimu, ndiyo maana nimeitengea safari yake, ya Desemba, na kwenye hiyo tunalala kwa watu na kula kwa watu bila kuangalia saa.

Dawa ni kusema mapema. Nilimpigia baba mdogo nikamwambia: "Shikamoo baba. Tunakuja wikiendi na watoto, ila tutalala karibu na stesheni, tunataka kuwatembeza." Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo nyumba yangu imekuwa ndogo?" Nikamwambia namletea boksi la zabibu za Hombolo, kwamba nataka wajukuu zake wawili washinde nasi Jumamosi yote, na jioni yeye na mama mdogo waje ufukwe wa Coco tule wote. Hapo akalegea. Na hao wajukuu, waliozaliwa na kukulia Tegeta, pantoni walikuwa wanaiona kwenye televisheni tu. Watoto wengi wa Dar hawaijui Dar. Wanaijua barabara ya kwenda shule. (Kama ndugu yako anakaa Upanga, jirani na katikati ya mji, futa yote niliyosema, nenda kalale kwake.)

Mahali pa kulala tafuteni kati ya stesheni, Mnazi Mmoja na Kisutu, ili mambo mengi myafikie kwa miguu. Usiangalie picha za chumba mtandaoni, piga simu uulize maswali matatu: kuna baa chini au jirani, neti ni nzima, na maji yanatoka usiku? Mtoto asiyelala vizuri atakuharibia kesho yako yote.

Jumamosi asubuhi tulianza na soko la samaki la Feri, na ningekuwa na nafasi ya kuwaonyesha watoto kitu kimoja tu ningechagua hicho. Nendeni mapema, kabla jua halijakolea. Wavisheni viatu vya plastiki, sakafu ni maji na magamba. Samaki wanamwagwa mezani, dalali anaanza kutaja bei kwa sauti ya haraka isiyopumua, na wanunuzi wengine hata mdomo hawafungui. Tulisimama nyuma ya mama mmoja mwenye ndoo mbili, bila shaka wa kukaanga, akawa anainua kidevu tu, kidogo sana, na kila akiinua bei inapanda. Mkubwa wangu aligundua mchezo huo kabla yangu, akaanza kuninong'oneza: "Baba, ameinua tena." Mama alipomaliza fungu lake la vibua akageuka, akamtazama mtoto, akacheka, akamwambia, "Wewe usije ukanipandishia." Mdogo, ambaye samaki anayemjua ni perege wa Mtera, yeye aliganda mbele ya samaki aitwaye taa, aliyetandazwa mezani, bapa, mkia mrefu kama fimbo. Akauliza huyu amekanyagwa na gari? Kijana aliyekuwa anamkata akaacha kisu, akamgeuza taa juu chini, akawaonyesha mdomo uko wapi na matundu ya kupumulia yako wapi. Hakutudai kitu.

Mnaweza kununua samaki wenu mkakaangiwa palepale. Harufu itawafuata hadi jioni, mzoee.

Kutoka Feri hadi kwenye pantoni ya Kigamboni ni hatua chache. Nauli ni shilingi 200 kwa mtu mzima, mnagonga kadi ya malipo ya N-Card getini. Usikimbilie mbele. Geti la ndani likifunguliwa watu wanaondoka mbio pamoja na pikipiki, maguta na mikokoteni, na mtoto wa Dodoma hajazoea msukumano ule. Subirini wimbi la kwanza lipite, mpande nyuma yao, na mkipata nafasi nendeni juu. Safari ni ya dakika chache tu. Lakini ndani ya dakika hizo wameona meli ya makontena ikiingia bandarini kupitia ule mlango mwembamba, karibu kiasi kwamba mabaharia wanapungiwa mkono na wanapunga. Wameona maghorofa ya Posta, katikati ya mji, kwa pamoja kutoka majini, wakaanza kubishana jengo la bandari lina ghorofa ngapi. Watoto wanne walikuwa wanahesabu na kila mmoja ana jibu lake. Ng'ambo ya Kigamboni tulikunywa madafu chini ya mti, tukarudi. Mke wangu aliuliza tumekwenda kufanya nini upande wa pili. Watoto waliona swali halina maana.

Mchana wa jua kali tuliwaingiza kwenye sehemu ya michezo ya watoto katika jengo moja la biashara, yenye kiyoyozi na mashine za kuchezea. Tulitumia pale hela nyingi kuliko soko, pantoni na madafu vikijumlishwa. Wiki hii nimewauliza, hakuna aliyeitaja.

Kariakoo na watoto siku ya Jumamosi siishauri. Ukipita, waonyeshe paa la soko kuu kwa nje, lile lililochanua kama miavuli mikubwa ya zege, kazi ya Mtanzania, msanifu majengo Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975. Waambie liliungua Julai 2021. Kisha endeleeni na safari, na mfuko wa mbele uwe na zipu.

Coco Beach tulifika maji yamekupwa. Hilo sikulipanga, ila ndilo lililofanya kazi. Watoto walikuta mwamba mtupu, vidimbwi, kaa wadogo wanaojificha, na bahari iko mbali kule. Wakacheza humo saa nzima. Halafu maji yakaanza kurudi, taratibu, kidimbwi kimoja baada ya kingine, mpaka mdogo akanijia na swali la mtoto aliyekulia kwenye mgao wa maji: "Nani ameyafungulia?" Nikajaribu kumweleza habari ya mwezi kuvuta bahari na kwamba maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Akanitazama kwa huruma. Baba mdogo alipofika alimweleza vizuri zaidi, yeye amezaliwa Kilwa. Akamchorea mchangani jua, mwezi na dunia, akamwambia mwezi ukiwa mpevu au mchanga ndipo bahari inafanya bamvua, inajaa kweli na kupwa kweli. Mkienda, ulizeni maji yanajaa saa ngapi siku hiyo. Na kuogelea pale sikuwaruhusu. Kuna miamba chini usiyoiona, mawimbi yana nguvu, na watoto wetu wa bara bahari wanaiona mara moja kwa mwaka. Magoti tu.

Tukala mihogo ya kukaanga ya kachumbari na pilipili, na mishkaki, watu wanane, tumekaa kwenye mchanga. Baba mdogo alikiri kwamba mara ya mwisho kuja Coco ilikuwa kabla ya yule mjukuu mkubwa kuzaliwa. Mama mdogo akasema usimsikilize, aliniahidi kila mwaka.

Jumapili asubuhi ni ya Posta. Siku za kazi pale hapatembeleki na watoto, lakini Jumapili barabara ziko wazi, unasimama katikati ya njia ukitazama juu. Tulianzia Azania Front, kanisa la Kilutheri la Wajerumani lenye mnara na vigae vyekundu, tukakuta kwaya inaimba, tukasikiliza mlangoni. Tukapanda hadi Sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Afrika waliokufa kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Singe ya bunduki yake imeelekezwa bandarini. Tulipopita jirani na Ikulu, mkubwa akauliza mbona na huku ipo wakati makao makuu ni kwetu. Nikamwambia uamuzi wa kuhamia Dodoma ulipitishwa 1973, na kuhama nyumba kuna wakati kunachukua muda. Jirani na Ikulu simu ibaki mfukoni, hakuna kupiga picha.

Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, saa moja na nusu inatosha. Msisome kila kibao. Nendeni moja kwa moja kwa Zinjanthropus, fuvu la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu alilolichimbua Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959, kisha kwenye magari ya zamani ya viongozi. Mdogo alisogeza uso mpaka kioo kikapata ukungu, akatoa taarifa kwamba meno ya yule mtu ni makubwa kuliko ya babu. Ni kweli, magego yake ni makubwa ajabu. Mkiwa na siku ya ziada kuna Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo, chenye nyumba za asili za makabila mbalimbali, msonge wa Wahaya ukiwemo. Sisi siku hiyo hatukuwa nayo.

Mwalimu wa mkubwa hakufurahi. Ilikuwa wikiendi ya mwisho ya likizo fupi ya Septemba na kulikuwa na masomo ya ziada. Simlaumu, ana matokeo ya kutafuta. Lakini nawaomba wazazi wenzangu msijaribu kulipa deni hilo kwa kuwapa watoto daftari waandike walichokiona. Nimeona baba mmoja pale makumbusho akimsimamia binti yake anakili maelezo ya kibao, neno kwa neno, huku fuvu liko nyuma yake na hajaligeukia.

Kuhusu hela: kila mtoto tulimpa shilingi 10,000 yake, aitumie atakavyo, ikiisha imeisha. Mkubwa aliimaliza Jumamosi kabla ya saa sita mchana, nyingi kwenye miwani ya jua iliyovunjika Ruvu tukirudi. Mdogo alirudi na zaidi ya nusu kwenye soksi, na mpaka leo hataki kusema ni ya nini. Maombi ya "baba ninunulie" yalipungua sana.

La mwisho ni tikiti. Kateni ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja, siku hiyohiyo, maana treni za Jumapili alasiri hujaa mapema, na mfike stesheni na muda wa kutosha wa kukaguliwa mizigo. Ukiiacha ya kurudi ukitegemea utaipata palepale, utalala Dar usiku ambao hukuupangia, na Jumatatu asubuhi mwalimu atakuwa anaita majina.